Taa ya Pixar haikuzaliwa ikiwa nembo

Kaa jioni na vijana wa Isevya au Ng'ambo, pale wanapochaji simu na kubishana mpira, na hutaondoka kabla hujaonyeshwa katuni iliyotengenezwa hapahapa Tabora. Sungura na fisi, Mirambo akiwa vitani, mtoto mtoro wa shule anayenyooshwa na bibi yake. Ni fupi, nyingi zimetoka kwenye programu za akili mnemba, na mwanzo wake ni kama mmoja: giza, mwanga unakatiza, ngoma nzito za kisinema zinapigwa, herufi za dhahabu zinajipanga, jina la studio linasimama mbele ya kasri au chini ya mwezi. Ndipo hadithi ianze, na mara nyingi hadithi yenyewe huwa nyonge kuliko nembo iliyoitangulia. Jambo hili limepokewa kwa namna mbili. Wapo wanaoshangilia kwamba mji wetu wa reli na asali nao umepata studio za katuni, na ushahidi wanaoutoa ni hizohizo nembo: tazama, utadhani ni ya Marekani. Wapo pia wanaokunja uso: huu ni wizi, kasri ni la Disney, mwezi ni wa DreamWorks, taa inayorukaruka ni ya Pixar. Kambi zote mbili zinabishana kuhusu picha iliyomo ndani ya nembo, na kwa maoni yangu zote zimekosea pa kutazama. Kasoro iko kwenye mpangilio wa kazi. Nembo za skrini ambazo dunia inazikumbuka zilitoka ndani ya kazi ambayo tayari ilikuwa imefanyika. Sisi tumeigeuza nembo kuwa kazi ya kwanza, na wengine wameifanya kuwa kazi yenyewe.

Tuanze na taa, maana ndiyo inayoigwa bila kujulikana ilikotoka. Mwaka 1986 Pixar haikuwa studio ya filamu. Kilikuwa kitengo cha kompyuta cha kampuni ya filamu ya Lucasfilm ambacho Steve Jobs alikinunua Februari mwaka huo, na riziki yake ilitarajiwa kutoka kwenye kuuza mashine za kuchakata picha, ghali mno, zilizolengwa kwa taasisi za serikali na watafiti wa tiba. Katuni zilitengenezwa na watu wachache, ili wanunuzi waone mashine na programu zinaweza nini. Mmoja wao, John Lasseter, mhuishaji aliyekuwa ametokea Disney, aliichukua taa iliyokuwa mezani kwake, taa ya chuma aina ya Luxo yenye mkono wa kukunjwa na springi, akaanza kuiunda kwenye kompyuta kama zoezi la kujifunza. Zoezi likakua likawa filamu ya dakika mbili hivi. Taa kubwa inamwangalia mwanawe, taa ndogo, akicheza na mpira. Mtoto anaukalia mpira, anaurukia, mpira unaisha upepo, anainamisha kichwa kwa haya na kuondoka; kabla mzazi hajapumua, anarudi na mpira mkubwa kuliko ule wa kwanza. Hiyo ndiyo *Luxo Jr.*, iliyoonyeshwa Agosti 1986 mjini Dallas kwenye mkutano wa wataalamu wa picha za kompyuta, SIGGRAPH, kisha ikateuliwa kuwania Oscar ya katuni fupi.

Kuna kisa cha siku ile ambacho watu wa fani hii hukirudia sana, na mimi nakiona kuwa kizito kuliko uteuzi wa Oscar. Baada ya onyesho, Jim Blinn, mmoja wa magwiji wa picha za kompyuta wa wakati ule, alimfuata Lasseter kumuuliza swali. Lasseter alijiweka tayari kujibu mambo ya hesabu za vivuli, kwa sababu kazi ngumu ya kiufundi ya filamu ile ilikuwa hasa vivuli: taa mbili zinazoangazana na kutiliana kivuli. Blinn akamuuliza kama ile taa kubwa ni mama au baba. Mtaalamu wa hesabu alikuwa amesahau hesabu. Hapo ndipo taa ilipokuwa mhusika, na bado haikuwa nembo ya yeyote. Zikapita filamu fupi nyingine, mojawapo, *Tin Toy* ya 1988, ikachukua Oscar. Kampuni ikauza kitengo chake cha mashine mwaka 1990. *Toy Story* ikatoka Novemba 1995, na ndipo hadhira ya sinema ilipoiona taa ikiruka mbele ya jina la Pixar. Kati ya taa kuwa hai na taa kuwa nembo ilipita miaka tisa.

Itazame basi nembo yenyewe, taratibu, kana kwamba hujawahi kuiona. Herufi tano zimesimama. Taa inaingia kutokea kulia, inarukaruka mbele ya R, A na X, springi zinalia. Inafika kwenye I, inaipanda, inaruka juu yake. Herufi inabonyea na kugoma. Taa inaruka tena, na tena, mpaka I inalala sakafuni na taa imesimama mahali pake. Inaangalia chini, inaangalia huku na huku, kama mtoto aliyevunja kikombe anayetaka kujua kama kuna aliyemwona. Kisha inainua shingo na kutugeukia sisi. Mwanga wote unazima, unabaki wa taa peke yake, nao unazima. Hakuna jicho wala mdomo, na hakuna neno linalosemwa. Kila tulichokielewa tumekielewa kwa pembe ya shingo na kwa muda ambao taa imesubiri kabla ya kugeuka. Mwaka 1987 Lasseter aliwaandikia wataalamu wenzake makala akieleza jinsi kanuni za wahuishaji wa zamani wa Disney zinavyofanya kazi kwenye kompyuta, na mojawapo ni kanuni ya kubonyea na kutanuka: kitu hai hubadilika umbo kinapotua na kinaporuka. Chuma cha taa hakiwezi kubonyea, akaeleza, kwa hiyo taa hubonyea kwa kukunja viungo vyake. Rudi kwenye nembo uone: taa inakunja viungo, herufi inabonyea kwelikweli, na ndani ya sekunde chache umeonyeshwa ufundi wote ambao studio ile inajidai nao, kwamba inaweza kukufanya ukionee huruma kifaa cha ofisini. Nembo ile ni kipande cha kazi. Herufi za dhahabu zinazojipanga zenyewe zinaonyesha kwamba programu fulani inaweza kupanga herufi za dhahabu, na hilo programu itamfanyia yeyote atakayeiomba kesho asubuhi.

Wengi hudhani Disney ndiyo mfano wa kinyume, kwamba kasri lilikuwepo tangu mwanzo na utajiri ukafuata. Tarehe zinakataa. *Steamboat Willie*, katuni fupi ya Mickey Mouse, ilionyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928. Filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya studio hiyo, *Snow White*, ni ya 1937. Kasri jeupe lenye upinde wa nyota kwenye rangi ya buluu lilianza kutangulia filamu mwaka 1985, na mojawapo ya filamu za mwanzo lililozitangulia, *The Black Cauldron*, haikufanya vizuri sokoni. Kabla ya hapo, kwa karibu nusu karne ya filamu ndefu, watu waliona maandishi tu: jina la Walt Disney, na kazi ikaanza. Hata kasri lenyewe lilikuwa na historia kabla ya kupanda skrini. Lilikuwa limejengwa Disneyland mwaka 1955, kwa kuangalia kasri la Neuschwanstein la Bavaria, na wimbo unaoambatana nalo ulitoka kwenye *Pinocchio* ya 1940. Mwaka 2006 likaundwa upya kwa kompyuta, na ukitazama kwa makini kuna garimoshi linakatiza pembeni likitoa moshi. Watu wa Tabora wanapaswa kuwa wa kwanza kuliona garimoshi hilo, lakini kila ninayemuuliza anasema hajawahi. Walt Disney alipenda garimoshi kiasi cha kujijengea reli ndogo nyumbani kwake. Kila kilichomo kwenye nembo ile kilikuwa kumbukumbu ya kitu kilichokwisha kufanyika. Studio Ghibli ya Japani ni hivyohivyo: ilianzishwa 1985, *Totoro* ikatoka 1988, haikuvunja rekodi kwenye majumba ya sinema, na ni baada ya wanasesere wa Totoro kupendwa madukani ndipo kiumbe huyo akawa sura ya kampuni, kichoro chepesi kwenye skrini ya buluu kisicho na ngoma wala radi.

Haki inataka nitaje mfano unaonipinga, na ni mkubwa. DreamWorks ilianzishwa Oktoba 1994, na filamu yake ya kwanza, *The Peacemaker*, ilitoka 1997 ikiwa tayari na nembo kamili: mtoto ameketi kwenye mwezi mwandamo, ametupa ndoano ya kuvulia mawinguni. Steven Spielberg, mwongozaji mashuhuri wa filamu na mmoja wa waanzilishi, alitaka mtu mzima anayevua samaki akiwa mwezini, kitu kitakachokumbusha Hollywood ya zamani. Dennis Muren wa ILM, kampuni ya madoido ya filamu, akashauri mchoro wa mkono badala ya picha ya kompyuta, akapendekeza mchoraji Robert Hunt, na Hunt akapeleka pia wazo la mtoto, akimtumia mwanawe kama kielelezo. Muziki ukatungwa na John Williams. Basi nembo ilitangulia kazi, na studio ikafanikiwa. Lakini angalia ni nani waliokuwa wakisimama nyuma yake. Spielberg alikuwa Spielberg. Jeffrey Katzenberg alikuwa ametoka kusimamia filamu za Disney katika miaka yake bora. David Geffen alikuwa na fedha na jina kwenye muziki. Nembo yao ilitegemea kazi ambazo wao wenyewe walikuwa wamezifanya kwingine, na kila mtu aliyekaa kwenye kiti cha sinema alizijua. Kijana wa Kiloleni anayeanza leo hana akiba ya imani kama hiyo kwa watazamaji wake, na kuiga njia ya DreamWorks bila Spielberg ni kubaki na mwezi peke yake.

Hoja ya wanaotetea nembo kwanza si ya kubezwa, na ina mizizi hapahapa. Bongo Fleva ilikua kwa majina ya maprodyuza. Ulisikia sauti ya Bongo Records au MJ Records mwanzoni mwa wimbo ukajua umekaa salama, hata kama msanii ni mgeni masikioni. Vibanda umiza navyo vilikuwa na nembo ya sauti: filamu ya Kichina au ya Kihindi ilikuwa na wenyewe, lakini watu walilipa kiingilio kwa sababu mtafsiri ni Lufufu. Na kuna upande wa tumbo: shule inayotaka tangazo la watoto, au taasisi inayotaka katuni ya kunawa mikono, haimpi fedha mtu asiye na jina. Nakubali yote hayo. Ila mifano hiyo miwili inanisaidia mimi kuliko inavyowasaidia wao. Hakuna aliyempenda Lufufu kwa kujitambulisha kwake. Watu walimpenda kwa saa nzima iliyofuata, kwa jinsi alivyomfanya jambazi wa Hong Kong aongee kama mtu wa mtaani, na ndipo jina likabeba uzito. Maprodyuza nao walikuwa na nyimbo kwanza. Kwa watoto mambo ni wazi zaidi. Ubongo ya Dar es Salaam ilianza kurusha *Ubongo Kids* mwanzoni mwa 2014, kisha ikaja *Akili and Me*. Mtoto wa chekechea atakueleza Akili ni nani na rafiki zake ni wanyama gani. Muulize nembo ya wanaotengeneza ikoje, atakutazama tu. Mteja anayetaka kujua wewe ni nani anahitaji jina, namba ya simu na kazi moja ya kumwonyesha. Radi na kasri havimsaidii.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi ni mahali nembo inapotazamwa. Nembo ndefu ya skrini ilizaliwa kwenye jumba la sinema na ilikuwa na kazi ya kufanya humo. Taa zimezimwa, wengine bado wanatafuta viti, mifuko ya bisi inachakarisha, na mtazamaji amekwisha kulipa, haendi popote. Sekunde ishirini za muziki na mwanga huwatuliza watu na kuwavusha kutoka kwenye maisha yao kuingia kwenye hadithi. Simu haina mlango wa namna hiyo. Mtazamaji wako amesimama kwenye foleni ya daladala, anatumia bando alilonunua kwa mia tano, na kidole chake kiko juu ya kioo tayari kupangusa. Netflix waliliona hilo: kwenye televisheni na simu nembo yao ni mapigo mawili na mwanga wa rangi, imekwisha kabla hujakaa vizuri. Walipoanza kupeleka filamu kwenye majumba ya sinema wakaona mapigo hayo ni mafupi mno kwa ukumbi, wakamwomba mtunzi Hans Zimmer awatengenezee toleo refu zaidi. Kampuni moja, nembo moja, urefu tofauti, kwa sababu mlango ni tofauti. Katuni ya sekunde arobaini inayotumia robo ya muda wake kwa nembo ya ukumbini inamtendea mtu wa daladala kana kwamba amelipia kiti.

Nitaje moja niliyoitazama, kwa sababu inaonyesha kinyume. Ilichorwa kwa kidole kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, fremu kwa fremu, na aliyeichora hakuwa na studio. Mzee anasukuma baiskeli yenye ndoo mbili za asali, anafika kivulini chini ya mwembe, anataka kupumzika. Stendi ya baiskeli haikai. Akiiegemeza kwenye mti, inateleza. Akiiachia, inaanza kulala polepole, ndoo zinainama, anaidaka. Mara ya tatu anaiacha makusudi na kuigeuzia mgongo, na baiskeli, ikiwa imekosa wa kuisumbua, inasimama yenyewe. Hapo inaisha. Michoro ilikuwa inatetemeka, na tairi la nyuma lilikuwa na umbo la yai. Lakini watoto waliokuwa wamezunguka simu walitaka irudiwe, na mmoja akauliza kwa nini baiskeli ile imemkasirikia babu. Hilo ni swali lilelile la Blinn. Baiskeli ilikuwa imeshakuwa mtu. Kama mchoraji yule atakuja kuwa na studio, nembo yake anayo tayari, ameipata kwa kuchora, na hakuna programu itakayompa jirani yake hiyohiyo.

Nije sasa kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosambaa haraka: kwamba tangu Januari 2024 Mickey Mouse ni wa bure, kwa hiyo vya Disney vyote ni vya bure, na kwa vyovyote picha iliyotengenezwa na akili mnemba ni ya aliyeiomba. Kilichotokea ni kidogo kuliko hicho. Hakimiliki ya Marekani kwa *Steamboat Willie* iliisha tarehe 1 Januari 2024, baada ya miaka 95. Kilichokuwa mali ya umma ni filamu ile na panya wa filamu ile, wa rangi nyeusi na nyeupe, asiye na glavu. Yule wa kaptura nyekundu na glavu nyeupe unayemwona amechorwa kwenye kuta za chekechea kuanzia Cheyo hadi Kiloleni ni wa matoleo ya baadaye, na kila toleo lina tarehe yake. Kasri la 1985 na la 2006 halimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Tena hakimiliki ni mlango mmoja tu. Mlango wa pili ni alama ya biashara, na huu haufungwi kwa kupita miaka mradi mwenyewe anaitumia na kuihuisha. Mwaka 2007 Disney walichukua kipande cha *Steamboat Willie*, panya akipiga mluzi huku ameshika usukani, wakakifanya nembo ya studio yao ya katuni, miaka 17 kabla ya hakimiliki kuisha. Wapo waliosema ilikuwa heshima kwa historia, wapo waliosema ilikuwa hesabu za wanasheria. Sioni kwa nini isiwe vyote viwili. Matokeo ni kwamba filamu ile sasa ni ya kila mtu, na kuitumia kama nembo ya studio ya katuni ni jambo jingine kabisa.

Hata Pixar, pamoja na ukubwa wake, ilikumbushwa. Taa ya Luxo ilikuwa bidhaa ya kampuni ya Norway iliyoanzishwa na Jac Jacobsen, aliyeitoa mwaka 1937 baada ya kupata haki za ubunifu wa Mwingereza George Carwardine. Kwa miaka mingi hakukuwa na ugomvi kuhusu taa ya kwenye filamu. Mwaka 2009, taa za mfano zilipoanza kuuzwa pamoja na diski za filamu, kampuni ya Luxo ilikwenda mahakamani, na shauri likamalizwa kwa makubaliano. Na kuhusu akili mnemba, Juni 2025 Disney na Universal waliishtaki Midjourney huko California kwa sababu ya picha za wahusika wao zinazotoka kwenye programu hiyo. Kwetu Tanzania Bara alama za biashara husajiliwa BRELA chini ya sheria ya mwaka 1986, mwaka uleule taa iliporuka kwa mara ya kwanza: usajili wa kwanza ni wa miaka saba, kisha unahuishwa kwa miaka kumi kumi. Sidhani kama Disney watatuma wakili Tabora kumtafuta mtu mwenye watazamaji mia mbili. Hasara ya kweli iko upande wa pili. Nembo iliyotokana na kasri la mwingine huwezi kuitetea ikiwa yako siku ikipata thamani, na siku hiyo ndiyo unayoifanyia kazi.

Wazalendo wana dawa yao: ondoa kasri, weka twiga, weka Kilimanjaro, au kama ni Tabora weka tembe la Kwihara na mwembe. Nawaelewa, lakini dawa hii inatibu kidonda kisichokuwepo. Taa ya Pixar si alama ya Marekani. Ni kifaa cha Norway chenye asili ya Uingereza kilichokuwa juu ya meza ya mfanyakazi. Kilichoifanya ya Pixar ni kwamba wao ndio walioipa roho. Twiga anayezunguka kwa mwanga wa dhahabu huku ngoma za kisinema zikipigwa ni kasri lenye shingo ndefu. Hajafanya lolote, hajamuudhi mtu, hakuna mtoto atakayeuliza kama ana mama.

Haya yana maana kwa watu wenye fedha kuliko hata kwa wachoraji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia nne zikiwa za vijana, na vikundi vya ubunifu vimeanza kupiga hodi huko. Karatasi zinazoombwa ni jina, katiba ya kikundi, akaunti ya benki, na mpango wa biashara. Mtu mwenye nembo inayong'aa anaonekana amejipanga. Mwenye baiskeli inayotetemeka anaonekana anacheza. Afisa anayekagua si mtu wa katuni na hatulazimiki kumlaumu, lakini anaweza kuomba kitu rahisi: dakika moja ya hadithi, bila nembo mbele, ionyeshwe kwa watoto ambao si ndugu wa wanakikundi, naye akae pembeni asikilize watauliza nini. Walimu wa sanaa na wanaoendesha mafunzo ya vijana nao wangefanya vyema kuhamisha somo la nembo kutoka wiki ya kwanza kulipeleka mwisho. Nimeona ratiba ambazo kikundi kinamaliza mafunzo kina jina, rangi rasmi, fulana na utangulizi wa skrini, na hakina hata tukio moja lililokamilika.

Kwa vikundi vilivyokwisha kulipia nembo hakuna haja ya kuanza upya. Ikatwe ibaki sekunde mbili, au ihamishiwe mwishoni, ambako aliyependa hadithi atataka kujua ni ya nani. Muziki wa kisinema utolewe, kwa sababu wenyewe wapo na YouTube inawajua. Muda na bando litakaloponea hapo liende kwenye tukio la pili la hadithi, ambalo kwa nyingi nilizoonyeshwa ndilo halijatengenezwa.